Doa la Kitinda

Tangu Kitinda arudi nyumbani na doa kwenye ini, Fundi hakuwa na mama tena.

Fundi alikuwa mshona nguo, binti mkubwa, ndiye aliyebaki na mama yao miaka yote, akimpeleka kliniki na kumkata kucha. Mdogo wake wa mwisho, Kitinda, alikuwa na kazi yake mji wa mbali. Tumbo lilipomsumbua alipigwa ultrasound, daktari akaona kivuli kwenye ini asichokielewa, akamwandikia kipimo cha picha cha CT. Kitinda akapanda basi, huyoo, kwa mama.

Na mama, ambaye magoti hayakumruhusu hata kushika fagio, ghafla akapata miguu. Mara amekoroga uji, mara ameupoza, mara anambembeleza mtu mzima yule anywe. Fundi alitazama, roho ikimkereketa. Yeye alipopasuliwa tumbo, mama alifika wodini mara moja tu, akalalamikia ngazi, akaaga. "Wewe jasiri, mwanangu," alimwambia, kana kwamba ujasiri ni dawa ya maumivu. Sasa, akipiga pasi nguo za wateja, Fundi alijikuta akiwaza jambo la aibu: laiti doa lile lingekuwa langu.

Siku ya kipimo yeye ndiye aliyemsindikiza. Muuguzi alihakikisha Kitinda hajala na figo zake ziko salama, akamchoma mkononi sindano yenye mrija.

"Tutakuingizia dawa kwenye mshipa, ini lionekane vizuri," alisema. "Utasikia joto mwili mzima, utadhani umejikojolea. Usishtuke, hujajikojolea."

Kitinda aliangua kicheko, muuguzi naye hoi, hata mpiga picha wa CT akaja kuona kuna nini, akarudi na shuka la pili asije mgonjwa akasikia baridi. Hata hapa, Fundi aliwaza, hata hapa wameshampenda.

"Dada, usiende mbali," Kitinda alisema, macho yamemtoka.

"Niende wapi? Nipo hapa mlangoni."

Mlango mzito ulifungwa. Kwa ndani sauti ikaamuru: "Vuta pumzi. Ibane." Mashine ikavuma. "Pumua." Ikarudia, kisha ikanyamaza muda mrefu, kisha ikarudia tena. Fundi alishtuka kuona kila mara naye amebana pumzi yake, akajikasirikia.

Mchana daktari wa picha aliwaita wote wawili mbele ya kioo cha kompyuta.

"Tumepiga picha mara kadhaa kwa sababu tunataka kuona dawa inavyoingia na kutoka," alisema. "Saratani ya ini mara nyingi hung'aa upesi dawa ikifika, halafu hufifia kabla ya ini lenyewe. Sasa tazameni doa hili. Limeanza kung'aa pembezoni, vipande vipande, likajaa polepole kuelekea katikati, na hadi picha ya mwisho bado linang'aa. Hili si saratani, ni fundo la mishipa ya damu. Wengi wanaishi nalo bila kujua. Halihitaji hata kidonge. Maumivu ya tumbo tutayatafutia sababu nyingine."

Kitinda alimkumbatia dada yake, akalia begani mwake. Fundi alimpigapiga mgongo, na furaha yake ilikuwa ya kweli, ila pembeni ya furaha hiyo kuna kitu kilinuna.

Nje, Kitinda alimpigia mama simu, akafungua spika. Mama alilia, akamshukuru Mungu, akalia tena. "Mwambie dada yako apite sokoni anunue samaki, mwanangu ale ashibe!" Akakata.

"Samaki," Fundi alisema. "Mimi kazi yangu samaki."

"Dada, jamani."

"Nilikuonea wivu, Kitinda. Hata hilo doa nililionea wivu. Nilipolazwa mimi, mama alikuja mara moja!"

Kitinda alijifuta pua kwa kiganja. "Na kila jioni alinipigia simu akilia. Alisema akikuona umelala vile miguu inamwishia nguvu. Niliacha kupokea, maana nami nilikuwa nalia."

Fundi akafoka: "Na kwa nini akulilie wewe? Mimi ndiye niliyekuwa kitandani!"

Kitinda alimtazama, akashindwa kujizuia, akacheka. Fundi alijikaza asicheke, akashindwa.

Sokoni hawakupita. Nyumbani Fundi alijitupa kwenye kochi.

"Samaki yuko wapi?" mama aliuliza.

"Sikununua. Nimechoka, mama. Nivue viatu."

Mama aliduwaa. Hakuwahi kuombwa kitu na mtoto huyu. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kufungua kamba.

"Mbona miguu imevimba hivi? Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukusema!" Akaanza kuisugua, akigomba chini kwa chini.

"Mama!" Kitinda aliita kutoka chumbani. "Mama, njoo kidogo!"

"Ngoja," mama alijibu bila kugeuka. "Niko na dada yako."