Makochi ya Wageni

Shemeji yangu hakuwahi kuomba makubwa. Wenzake pale karakana walipogombania magari ambayo hawajanunua, huyu anataka jeupe, yule anataka jeusi, yeye aliinua miwani yake ya kuchomelea na kusema, "Mimi nikipata pesa, nitakaa."

"Utakaa wapi?"

"Kwenye kochi. Nitakaa tu."

Walimcheka, lakini alikuwa na haki. Alikuwa fundi wa mageti. Ujana wake wote aliumaliza ameinama nje ya nyumba za watu, na milango ikiachwa wazi aliwaona wenye nyumba wamejinyoosha sebuleni, miguu juu, wakimwuliza kwa sauti atamaliza lini. Mgongo ukapinda. Jioni akirudi alikaa kwenye kigoda cha jikoni, kwa sababu kwake hakukuwa na kingine.

Mungu si Athumani. Kile kiwanja chake cha mawe, ambacho ukoo mzima ulimwona mjinga kukinunua, kikatakiwa na kampuni iliyotafuta pa kujenga ghala. Wakalipa bila kubembelezana. Shemeji akamkabidhi msaidizi wake karakana, akarudi nyumbani kukaa.

Dada yangu naye alikuwa na lake moyoni. Zamani aliwafulia watu nguo, na mama mmoja mwenye sebule ya kutisha alikuwa akimpa chai kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, asije akachafua viti. Dada hakulisahau hilo. Aliapa kwamba akipata, atakuwa na sebule ambayo mtu yeyote akiingia atavua viatu bila kuambiwa.

Basi nyumba ikasimama, makochi yakaja. Yalikuwa meupe, yana miguu ya dhahabu isiyo dhahabu, na muuzaji alisema hukaliwa na wakubwa. Dada hakuyatoa kwenye nailoni. Juu ya nailoni akatandika vitambaa, juu ya vitambaa akapanga mito, na mito nayo ilikuwa ndani ya nailoni yake. Hata rimoti ilibaki na mfuko wake. Ukitaka kubadilisha kituo unabonyeza kwa kukisia.

Siku ya kwanza shemeji alitoka kuoga, akaenda moja kwa moja sebuleni, akaanza kushusha kiuno.

"Baba! Wapi tena?" dada akamaka.

"Nakaa."

"Hayo ni ya wageni."

"Na mimi nikae wapi?"

"Si kigoda chako kipo?"

Wahenga walisema maskini akipata, matako hulia mbwata. Ya shemeji yangu hayakupewa hata nafasi ya kulia. Alirudi jikoni, akakaa kwenye kigoda kilekile, magoti karibu na kidevu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Mimi nilikuwa naishi nao kumsaidia dada kazi, nilikuwa namenya viazi. Nilikuwa na hasira tu.

Wageni wakaja, tena wakaja kweli, maana ukipata, hata asiyekujua hukumbuka undugu. Alikuja binamu wa binamu, akaja na wakala wa bima ambaye hakuna aliyemwita. Wote walikaa. Wote walisifu. "Makochi haya, dada, mtu akikaa hataki kuinuka!" Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, lakini mwenyeji wetu aliitwa kusalimia tu, akasalimia amesimama, kisha dada akamkonyeza apite, eti suruali yake bado inanuka chuma. Nilimwona ameganda mlangoni akimtazama wakala wa bima alivyojiachia. Yalikuwa macho yaleyale ya kule nje ya mageti, na yaliniuma.

Wakala alipoondoka sikuvumilia.

"Dada, yule mama alikukalisha mlangoni kwake. Wewe umemkalisha mumeo mlangoni pake mwenyewe."

"Usinifananishe na yule mwanamke!"

"Sijakufananisha. Umejifananisha mwenyewe."

Aliacha kunisemesha. Chai yangu pia aliacha kuitia sukari, na nikajua neno limeingia.

Alasiri moja shemeji akavaa shati lake la harusi, akang'arisha viatu, akatoka kwa mlango wa jikoni bila kuaga. Muda si muda kengele ya mlango wa mbele ikalia. Dada akajitengeneza kichwa, akavaa tabasamu lake la wageni, akafungua.

"Hodi," akasema shemeji. "Nimekuja kumwona mwenye nyumba. Nimemkuta?"

Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi, nikingoja kusikia akifukuzwa. Dada alimtazama kuanzia viatu mpaka juu, akaliona lile shati lilivyokatalia kwenye mgongo uliopinda. Tabasamu likamshuka.

"Hayupo," akasema taratibu. "Lakini karibu umsubiri."

Shemeji akavua viatu bila kuambiwa.

Akakaa, na nailoni ikalia. Dada akamletea chai kwenye kikombe cha wageni, akabaki amesimama na sinia kifuani.

"Makochi mazuri," akasema shemeji. "Huyu bwana ana bahati. Huwa anakaa hapa?"

"Hakai."

"Kwa nini?"

Dada akafungua kinywa kujibu. Yalitoka machozi. Aliona aibu, na mimi nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba ile.

"Na wewe, mama, huwa unakaa?"

"Sijawahi."

"Basi karibu kiti."

Mgeni akamkaribisha mwenyeji. Dada akaweka sinia chini, akakaa kando ya mumewe kwa uangalifu. Akasogea kushoto. Akasogea kulia. Akabonyeza mto, akabonyeza na kochi lenyewe, kisha akamgeukia shemeji na macho yamemtoka.

"Mbona magumu hivi?"

"Kama kizingiti," akasema shemeji, akanywa chai. "Lakini mgeni hasemi, mke wangu."

Nikaenda jikoni, nikakibeba kile kigoda, nikakiweka katikati ya zulia la wageni. Wakakigombania.