Winga wa Kulia

Hakuwa na uwanja. Hakuwa na nyavu, wala chumba cha wasichana kubadilishia nguo, wala basi la safari, wala daktari wa timu, wala mipira zaidi ya miwili, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa na uvimbe ubavuni kama tezi. Kocha wa wanawake alikuwa na wachezaji kumi na wanne, filimbi, na eneo la kuegesha magari la chuo, tena baada ya wahadhiri kuondoka.

Ndiyo maana machale yalimcheza siku mkurugenzi wa michezo alipomvutia kiti.

"Karibu, dada yangu. Unakunywa soda gani?"

Miaka sita mtu huyu alikuwa akimwita "wewe mama", bila hata kuinua uso. Leo dada, leo soda. Kocha aliketi ukingoni mwa kiti.

"Wafadhili wanakuja wiki ijayo," mkurugenzi alisema. "Wanataka kuona wanawake wanapata sawa na wanaume. Nimekupigania, wee acha tu! Weka saini hapa, chini ya fomu hii. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, sivyo? Tutautazama kwa jicho la huruma."

"Nikaisome kwanza."

"Usome nini tena? Huniamini?"

"Nakuamini, bosi. Ila miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa ndani ya mkoba wake. Aliivaa alipofika kwenye ngazi, akasoma amesimama. Fomu ilisema chuo kina timu tatu za wanawake, ya kikapu ikiwemo, wachezaji arobaini na wawili walioorodheshwa kwa majina, viwanja na vifaa vya kutosha. Akashuka moja kwa moja hadi kwa dobi wa chuo, mama mnene aliyefua jezi zote za wanaume.

"Timu ya kikapu ya wanawake unaifulia?"

"Kufua?" Dobi aliweka pasi chini, akafungua kabati. "Hizi hapa. Wageni wakikaribia nazinyoosha, zinapigwa picha, zinarudi. Mimi jasho nalijua, mwenzangu. Nusa."

Kocha akanusa. Zilinuka dawa ya nondo.

"Na wanaozivaa ni nani?"

"Makarani! Mwaka jana hata mimi nilivalishwa namba tisa, na goti langu hili!" Dobi alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akakatiza ghafla, akachungulia mlangoni. "Lakini usinitaje."

Kocha alimtazama kwa makini. Huyu naye alikuwa akimwogopa nani, au akimpelekea nani habari? Akarudi kwenye orodha, akateremsha kidole jina baada ya jina. Mmoja alikuwa amehitimu zamani, ana watoto wawili. Mwingine alikuwa katibu muhtasi wa mkurugenzi. Kidole kikasimama.

"Mbona umeganda?"

"Nipo humu. Mpira wa miguu, winga wa kulia. Umri, miaka ishirini na mmoja."

"Wamekupunguzia thelathini bure! Si ushukuru?"

Kocha hakucheka. Alielewa sasa mchezo wenyewe. Akitia saini, wafadhili wataamini wasichana wameshapata kila kitu, na fedha zitaelekezwa kwingine. Asipotia, kazi yake imekwisha. Simu ikalia. Ilikuwa ya mkurugenzi.

"Dada, miwani imepatikana?"

"Bado naitafuta, bosi."

Kesho yake asubuhi, juu ya meza ya jikoni, aliwaandikia wafadhili ukurasa mmoja: idadi ya kweli, jina lake lilivyoingizwa, na saa ambayo wasichana wake hufanya mazoezi katikati ya magari. Dobi hakumtaja. Mchana wasichana kumi na wanne wakaandika majina chini yake kwa mikono yao. Aliambatanisha fomu ile, bila saini.

Sanduku la barua la chuo hakuliamini hata chembe. Alitembea hadi posta ya mjini, akageuka nyuma mara tatu njiani. Dirishani alilamba gundi, akaikandamiza bahasha kwa kiganja.

"Ya kawaida?" karani aliuliza.

"Rejista. Ya haraka."

Karani akagonga muhuri, akaitumbukiza kwenye mfuko. Kocha hakuondoka mpaka mfuko ulipofungwa kamba na kupakiwa garini.