Jina la Bi Sindano

Tangu azikwe, marehemu Bi Sindano aliendelea kuingia kazini kila asubuhi, na hakuna aliyeona ajabu. Karakana yake ya ushonaji iliweka michoro yote ya kukatia nguo kwenye huduma moja ya mtandaoni, na mafundi wote waliingia kwa jina lake na neno lake la siri. Alipofariki, nani angethubutu kulibadilisha? Hata mdogo wake, Kitinda, aliyeachiwa karakana, kila akiliandika jina lile alijisikia kama anabisha hodi kwa dada yake.

Basi wenye huduma wakaleta utaratibu mpya. Kila mtu awe na akaunti yake, ithibitishwe kwa simu yake mwenyewe. Isiyothibitishwa hadi Ijumaa itafutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kitinda akapiga namba ya dada yake, ndiyo iliyosajiliwa kwenye akaunti. Ikapokewa na sauti nzito ya kiume: "Mama, hii laini nimeuziwa mimi." Akajaribu kufungua akaunti nyingine kwa jina lilelile. Akajibiwa kwamba jina limeshachukuliwa.

"Limechukuliwa na nani? Mwenyewe yuko kaburini!" akaifokea kompyuta. Mafundi wakacheka, kisha wakaweka mikasi mezani. Sare za shule nzima zilikuwa zinasubiri kukatwa, na aliyeichora michoro ile hakuwepo tena kuichora upya.

Mficha uchi hazai. Kitinda akatia cheti cha kifo mkobani, akapanda ngazi hadi ofisi za wale wenye huduma, akaeleza yote bila kupunguza. Fundi wa programu, binti mwenye miwani mikubwa, akatazama kioo cha kompyuta yake, akatabasamu.

"Kumbe! Sisi tulikuwa tunashangaa, dada. Mtu mmoja anafungua michoro minne kwenye kompyuta nne, wakati mmoja."

"Marehemu alikuwa mchapakazi," Kitinda akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko. Kisha machozi yakamtoka. "Mwanangu, nitafungua akaunti yangu, sina ubishi. Lakini msimfute dada yangu."

Binti akavua miwani, akaifuta taratibu. "Pole sana, dada. Kosa ni letu. Tulifanya jina la mtu na jina la mahali pa kazi kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mtu akiondoka anaondoka na nyumba. Hata wengine wamelalamika." Akafungua mchoro mmoja ili ahakikishe. "Na huu mfuko wa ndani, upande wa kushoto? Naona upo kwenye kila nguo."

"Wateja hawakuwa wakiuagiza. Aliuweka tu. Alisema kila mwanamke awe na pa kuficha chake."

Binti akakivuta kiti karibu na meza. Siku zilizofuata yeye na wenzake walitenganisha vitu hivyo viwili: jina likabaki la karakana, na kila fundi akaingia kwa jina lake mwenyewe. Akiondoka mmoja, mlango wake unafungwa, nyumba inabaki.

Ijumaa asubuhi Kitinda aliandika jina lake kwa mara ya kwanza. Kioo kikamjibu: Karibu, Kitinda. Juu kabisa paliandikwa Karakana ya Bi Sindano, na chini ya kila mchoro, jina la aliyeuchora. Hakuna hata mmoja uliopotea. "Alhamdulillahi," akasema, na mafundi wakapiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

Sare zikakatwa. Lakini nguo ya kwanza aliyoikata Kitinda siku ile haikuwa sare. Lilikuwa gauni, na alilipeleka mwenyewe kule ofisini kwa binti wa miwani, akaliacha mapokezi kwa kuona haya.

Jioni simu ikalia.

"Dada, gauni limenikaa kama nimezaliwa nalo! Nashukuru mno. Ila lina mfuko ndani, na hakuna aliyeuagiza."

"Mimi nimeshona tu," Kitinda akasema. "Huo mfuko ni wa dada yangu. Anakushukuru."