Nzeyimana Hayupo

Serikalini mtu anaweza kukaimu mpaka mvi zikamwota. Generose alikuwa amekaimu uofisa tawala wa tawi la chuo kikuu pale Mpanda tangu tawi lenyewe likiwa nyumba ya kupanga yenye popo darini, na mwishowe watu wakampa jina: Mama Kaimu. Barua za wahadhiri waliochelewa kuripoti aliziandika yeye. Wanafunzi waliokosa vyumba walilia kwake. Ila mkataba wake ulikuwa wa kibarua. Ulikufa kila Juni na kufufuka Agosti, kama kuna aliyekumbuka.

Halafu chuo kikatangaza ajira: wahadhiri, wakufunzi wasaidizi, mkutubi, na kwa tawi la Mpanda, ofisa tawala mmoja. Yaani kiti kilekile alichokuwa anakikalia. Akaambiwa aombe kama wengine. Hakukasirika, hasira nazo zinataka nguvu, na zake alishazimalizia kwenye matangazo ya nyuma, lile lililofutwa, lile lililorudiwa, na lile aliloambiwa linasubiri kibali. Alipigwa kalenda mpaka akazoea. Lakini safari hii tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano, na yeye mwakani angekuwa ameivuka. Ikimpita hii, atabaki kibarua mpaka siku watakayomchoka.

Siku ya usaili alifika kabla geti halijafunguliwa. Wageni wanatoka makao makuu, nani mwingine angepanga viti? Alifagia ukumbi, akaweka maji mbele ya kila mjumbe, akachemsha chai. Orodha ya majina tu ndiyo hakuigusa. Ofisa aliyetoka makao makuu, kijana nadhifu aitwaye Optatus, alimwambia kwa upole kwamba yeye naye ni mwombaji, si haki aione. Alikubali. Kiti cha kusubiria alipewa, barazani pamoja na wenzake, lakini kila akikikalia anaitwa: mama, sukari, mama, chaja, mama, choo kiko wapi. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na wala hawakukosea.

Hapa pana jambo la kueleza. Kwao Generose ni Katumba, kwenye makazi ya Warundi waliopewa uraia, na kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana lake, na hakuna anayelazimika kubeba la baba. Yeye alipewa Ndayizeye, na hilo ndilo aliloitikia tangu utotoni. Nzeyimana lilikuwa jina la baba yake, basi. Watoto walimwita Data, yaani baba kwa Kirundi, na kulitamka lile jina mbele yake ulikuwa utovu wa adabu. Lakini karatasi za nchi hii zinataka mtoto amfuate baba. Karani wa siku hizo akaandika Generose Arcade Nzeyimana, vyeti vikafuata, na maombi ya kazi yakafuata vyeti. Shuleni walimu walimwita Generose, kazini ni Mama Kaimu. Hilo la Nzeyimana liliishi kwenye makaratasi tu, na hakuna mtu aliyewahi kumwita kwalo.

Orodha ya Optatus ilianza na jina la ukoo. Mengine yalikuwa herufi za mwanzo tu. Alasiri, jua limeshaingia baraza lote, alitoa kichwa mlangoni akaita, "Nzeyimana."

Generose alikuwa anarudi na chupa ya chai. Moyo ulimshtuka kidogo, kama unavyoshtuka marehemu anapotajwa, kisha ukatulia. Kina Nzeyimana wamejaa Katumba na Mishamo. Huyu atakuwa mmoja wao, pengine kijana aliyeachwa na basi. Alimwonea huruma kweli. Aliweka chupa chini, akapita barazani akiuliza, akaenda mpaka getini kwa mlinzi, mzee Kashinje, aliyemwita mama kwa Kisukuma chake, "Mayu, hapa hajapita mtu." Akachungulia hata upande wa vyooni. Optatus aliita mara ya pili. Mara ya tatu alimtazama yeye, kwa kuwa ndiye mwenyeji.

"Hayupo," Generose alisema.

Optatus akapiga mstari.

Baraza likaendelea kupungua watu. Generose alikaa, miguu ikimwaka moto, akirudia kimoyomoyo kanuni za likizo na za nidhamu ambazo alikuwa akizitumia kila siku na leo alikuwa na hofu ya kuzisahau. Mwisho alibaki peke yake na viti vitupu. Alipoona wajumbe wanafunga mafaili, aliingia akauliza kwa adabu yeye ataitwa saa ngapi.

Optatus alimuuliza majina yake yote. Alipoyataja kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka la mwisho, ndipo alipolisikia.

"Mama," Optatus alisema taratibu, "si wewe uliyeniambia hayupo?"

Alisema ndiyo, ni yeye. Hakuwa na mtu wa kumsukumia lawama. Optatus alijitahidi, tumpe haki yake. Alipiga simu makao makuu, akaeleza, akabembeleza. Jibu likarudi kwamba alama zimeshaingizwa kwenye mfumo, kwamba aliyeitwa mara tatu bila kuitika amejitoa, na kwamba wakimfungulia mwenyeji wa tawi, wengine watasema amebebwa. Na kweli wangesema. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hata yeye, angekuwa kwenye kiti chao, angejibu hivyohivyo.

Mwenyekiti wa jopo, Dokta Verdiana, mwanamke wa rika lake, alivua miwani. "Lakini mwenzangu, unaitwa jina lako mara tatu na umesimama palepale. Ulikuwa unawaza nini?"

Generose alitaka kumweleza habari za Katumba na za yule karani, akaona ni ndefu, na nguvu hana.

"Nilisikia mnamwita baba," alisema. "Na baba alishakufa, ndiyo maana nikasema hayupo."