Krem ya Bila Moshi

Mama mukwe wangu alikataa uji, akakataa supu ya samaki, akakataa hata ndizi ya kuponda. Malaria ilikuwa imemwacha, lakini ilimwacha vile wezi wanavyoacha nyumba: milango wazi, ndani hakuna kitu. Joto nalo lilikaa juu ya mabati yetu tangu asubuhi. Mbuzi za majirani zilikuwa zimelala ndani ya mutaro, hata mbwa hakuzifukuza.

Scholastique, muuguzi wa kituo cha afya, alimupima, akatoka kwenye veranda, akasema polepole ili mugonjwa asisikie.

"Papa Kazadi, malaria imekwisha. Sasa njaa njo itamumaliza. Tangu juzi anakunywa maji tu. Leo lazima kitu kipite kwenye koo."

"Na kama haipite?"

"Tutatafuta njia ingine."

"Iko wapi hiyo njia ingine?"

Akafunga begi lake. "Hapa Kindu haiko."

Hakusema kwa ubaya. Serumu za kutia mushipani zilikuwa zimekwisha. Zingine, alisema, ziko kwenye stoo Kinshasa, zinangoja muntu mukubwa aweke sahihi. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini kuweka sahihi najua. Ni muda wa kupiga chafya.

Nyumbani tulibaki wawili. Binti yangu Douce alikwenda Kibombo kununua mupunga, na pikipiki haikuweza kurudi kwa sababu mvua ilibeba daraja dogo, lile ambalo wakubwa walikuja kulifungua kwa fanfare ya tarumbeta na hotuba. Jirani yetu Nicole ndiye aliyekuwa anamulisha mama mukwe, lakini kila kijiko kilipokaribia, mugonjwa alifunga mudomo kama mutoto mbele ya dawa ya kinini. Mwishowe Nicole akachoka, akaenda mazoezi ya kwaya, yale yanayoendelea mpaka jioni.

Nilibaki mimi. Na mimi ndiye muntu ambaye hawezi.

Sisi Waluba wa Kasai, hata tuliozaliwa hapa Kindu kwenye kambi ya reli, mukwe hali mbele ya mama mukwe, na mama mukwe hali mbele ya mukwe. Nikikutana naye njiani, ninatoka njiani. Nikimusemesha, ninaangalia chini. Namwita Mamu, yeye ananiita Baba Douce, na kati yetu kuna rido, pazia la mulango wa chumba chake. Alikuja kuishi kwetu mwaka ule vita vilipoanza, baada ya kufiwa na mume wake. Tangu siku hiyo tumekula chungu kimoja, na sijawahi kumwona akitafuna.

Siku ile, muuguzi alipoondoka, nilimusikia nyuma ya rido, kwa sauti ya muntu ambaye bado yuko nusu kwenye homa:

"Emerance, ile krem haijapoa?"

Emerance alikuwa binti yake na muke wangu. Nikasimama pale na fagio mukononi. Mamu alikuwa ameomba chakula. Alikiomba kwa muntu aliyekufa, lakini alikiomba.

Hiyo krem ni ya wakati wa vita. Treni ilikuwa imekoma, muji umezungukwa, hakuna aliyethubutu kwenda shambani. Kukosa chakula ilikuwa taabu, lakini moshi ulikuwa taabu zaidi. Ukiwasha makaa muchana, askari wa upande wowote anaona moshi juu ya bati lako, anajua hapa wanapika, anakuja na njaa yake na bunduki yake. Waliojiita serikali walikuja hivyo, na waliosema wanatuokoa mikononi mwao walikuja vilevile. Tukajifunza kula bila moto.

Douce alikuwa mudogo na mwembamba kama ufagio, kwa hiyo kituo cha lishe kilikuwa kinampa maziwa ya unga na biskuti. Emerance hakumupa vitu hivyo kama vilivyo. Aliponda biskuti, akazilowesha kwa maji ya marakuja, matunda ya pasheni yaliyojiotea kwenye uzio, akazilaza ndani ya sufuria, chini kabisa. Maziwa aliyapiga na maji machache sana, huku anaongeza kijiko kwa kijiko, mpaka mukono unachoka, kisha akakamulia limau yakashikamana. Akatandika ndizi, akatandika maziwa, ndizi tena, maziwa tena. Sufuria akaiviringisha gunia lililolowa, akaiweka kwenye korido, pale upepo unapopita. Joto likitupiga, sufuria inapoa. Siku zingine nilipata mudomoni ladha ya nanasi.

Ikiwa tayari, Mamu aligeukia ukuta, mimi nikageukia mulango, kila muntu na sahani yake. Risasi zinapita juu ya nyumba, sisi tunachunga heshima. Emerance anakaa katikati anacheka: "Ninyi wawili, bunduki hamuogope, munaogopa kijiko!"

Basi nikaenda sokoni. Maziwa ya unga yanakuja kwa ndege, kwa hiyo wenye duka wanayaweka juu kabisa, karibu na picha ya rais. Nikachukua kopo moja. Nikachukua biskuti, ndizi mbivu, marakuja, limau, na nanasi kubwa kutoka Pangi lililonukia njia yote.

Wakati wa kurudi nikapita kwenye nyumba ya mukubwa mumoja, ile yenye jenereta inayolia mufululizo. Sentineli wake, mulinzi wa geti, ni Onema, tulisukuma naye mabehewa zamani.

"Onema, ndugu yangu, nipe barafu kidogo."

"Barafu ya nini, Papa Kazadi? Umefungua bar?"

"Mama mukwe yangu hakule. Ninataka kumupolezea kitu."

Akakuna kichwa. "Frigo inafanya kazi, sitakudanganya. Lakini ile njo ya bière ya mukubwa."

"Na mukubwa iko wapi?"

"Kinshasa."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Kwa hiyo jenereta inalia kila siku kwa kupoza bière ya muntu haiko?"

"Anasema anaweza kufika wakati wowote." Onema akaangalia geti, akaangalia viatu vyake. "Usiniangalie vile, Papa. Barafu ikipunguka, miye pia nitapunguka."

Sikumukasirikia. Ana watoto. Lakini njiani nilitembea na ule mulio wa jenereta masikioni. Emerance alikufa kwenye meza ya upasuaji kwa sababu taa zilizimika na mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwenda na gari ya muntu fulani. Huyo muntu alikuja kwenye matanga. Aliketi kiti cha mbele, akapewa soda. Na hapa mafuta yanachomwa ili chupa zisitoke jasho.

Nyumbani nilikunja mikono ya shati. Nilifanya kila kitu kama nilivyokumbuka. Nanasi lilikuwa zuri mno, nikalikata vipande vidogo nikavichanganya na maziwa ili utamu uenee kote. Nikaviringisha gunia lililolowa, nikaweka kwenye korido, nikakaa karibu kufukuza kuku.

Nilipofunua, maziwa yalikuwa yamegawanyika, maji huku, mabonge kule. Nikaonja. Chungu! Uchungu ule unaobaki nyuma ya ulimi, kama umelamba dawa.

Nikasema kwa nguvu, peke yangu: "Hata maziwa siku hizi ni ya serikali!"

Nyuma ya rido ikatoka sauti. Haikuwa tena ya homa.

"Baba Douce. Umeweka nini?"

Nikaangalia chini, ingawa rido ilikuwa imefungwa. "Ndizi, Mamu. Marakuja. Limau. Nanasi."

"Nanasi iliingia saa gani?"

"Pale mwanzo. Pamoja na maziwa."

Akaguna.

"Nanasi mubichi na maziwa, ukizilaza pamoja, zinapigana mpaka asubuhi. Emerance alikuwa anaiweka juu, kwenye sahani, wakati ya kula tu. Haukuona?"

"Nilikuwa nimegeukia mulango, Mamu."

"Hata wakati ya kupika ulikuwa unageukia mulango?"

Nikachukua kopo, nikalitikisa.

"Maziwa ingine iko?"

"Nusu ya kopo."

"Basi anza tena. Maji kidogo kidogo, usimwage kama unaosha gari. Na hiyo ya kwanza, usiitupe. Upe kuku."

Kuku pia hawakuitaka, lakini hilo sikumwambia.

Nikaanza tena. Nilipiga maziwa nimekaa kwenye kizingiti, karibu na rido, ili asikie. Alikuwa anasikiliza kweli. "Bado," anasema. "Bado inalia maji. Endelea." Halafu: "Sasa limau." Nikakamulia, krem ikashika kijiko, ikakataa kuanguka. Nikatandika, nikafunika, nikalowesha gunia mara mbili zaidi kuliko Emerance, kwa sababu joto la sasa si la wakati ule, au ni mimi nimezeeka.

Jua lilipoondoka kwenye korido nikagusa sufuria. Ilikuwa baridi kama tumbo la chura. Nikapakua sahani, nikakata nanasi palepale na kulinyunyiza juu, nikaweka sahani juu ya kigoda, nikakisukuma chini ya rido kwa mukono mumoja, uso wangu nimeugeuzia ukuta.

"Mamu, iko tayari."

"Asante, Baba Douce."

Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia kijiko kikigusa sahani. Kisha nikasikia kijiko kwenye saruji.

"Mamu?"

"Mikono inakataa."

Nikatoka nje kumwita Nicole. Kwa mbali, kanisani, kwaya ilikuwa inarudia wimbo ule ule na kukosea pale pale. Nikarudi. Krem haingoji kwenye joto kama hili, na koo lake halikuwa la kungoja pia. Nikaokota kijiko chini ya rido, nikakiosha.

"Mamu, ninaingia. Sitaangalia."

Nikaingia kinyumenyume, kama ng'ombe anayerudishwa zizini. Nikapapasa, nikapata ukingo wa kitanda, nikakaa na kumupa mugongo. Nikachota krem, nikaupeleka mukono nyuma juu ya bega.

"Hiyo ni sikio," akasema.

"Samahani, Mamu."

Nikachota tena.

"Sasa ni jicho. Baba Douce, unataka kuniponyesha ao kunipaka rangi?"

Nikasikia pumzi yake inakatika katika, nikaogopa. Kumbe alikuwa anacheka. Sikuwahi kumusikia akicheka karibu hivyo.

"Geuka," akasema.

"Haifae, Mamu."

"Haifae kwa nani? Baba ya Emerance alikufa. Emerance alikufa. Iliyobaki ya kutuona njo hii mijusi ya ukuta."

"Ni heshima yako."

"Heshima yangu umeimwaga kwenye shuka, angalia mwenyewe." Akapumua kidogo. "Lakini siwezi kukula peke yangu mbele yako kama kichaa. Leta kijiko ya pili. Ukiona kinywa yangu, na miye nione yako."

Nilikwenda jikoni kuchukua kijiko, na nilikaa huko zaidi kuliko inavyohitajika. Nimeona mengi. Niliwahi kupanga mustari mbele ya askari walevi na kuhesabiwa kama gunia. Lakini kabla ya kurudi kwenye chumba kile, kijiko kilichokuwa safi nilikiosha mara tatu.

Nikaketi, nikageuka.

Alikuwa mudogo. Krem ilikuwa kwenye sikio na kwenye nyusi. Hana meno ya mbele, hata moja, na mimi sikujua, miaka yote hii nyumba moja. Alikuwa ananiangalia usoni moja kwa moja, bila woga, kama vile alikuwa amengoja tu kuombwa.

Akafungua kinywa. Nikaweka kijiko. Scholastique alikuwa amesema koo, kwa hiyo niliangalia koo. Likakaa kimya kidogo. Kisha likapanda, likashuka.

"Baridi," akasema, akafumba macho. "Njo yenyewe."

Nikachota tena haraka.

"Hapana. Sasa weye."

Nikachota kwa kijiko changu. Mukono ulifika kwenye mudomo ukasimama hapo. Muzee kama mimi, mwenye mvi mpaka kifuani, sikuweza kufungua kinywa.

"Inayeyuka," akasema.

Nikafungua, nikaweka, nikatafuna. Ilikuwa tamu, na limau nyuma yake, na nanasi lililokuwa bado halijapigana na muntu. Alinitazama mpaka nikameza.

"Kumbe unakula na kelele," akasema. "Emerance alinificha."

"Ni biskuti, Mamu."

"Biskuti imelowa. Ni weye."

Akafungua kinywa tena, akangoja.