Waya Mweusi wa Boti ya Osmund

Boti ya Osmund ilianza kupiga watu shoti siku ya Alhamisi, mvua ilipokatika. Jumamosi ilikuwa ipakiwe kwenye lori kwenda Mbamba Bay.

Niliikuta uani kwake Ruhuwiko, juu ya matairi chakavu. Mkewe, Mama Walburga, alikuwa amekaa kizingitini akijikanda mkono.

"Fundi Sixbert, umetufugia nyoka," alisema. "Nimeegemea tu, akanirusha."

Mimi ndiye niliyeifunga umeme. Tangu biashara zifunguliwe, mitumba inaingia ya kila aina, na Osmund alinunua Dar boti ya alumini iliyotoka Marekani. Umeme wake volti mia na kumi, wetu zaidi ya mara mbili. Niliweka transfoma ya kupunguza, nikaunga nyaya, nikachomeka kwenye soketi ya nyumba. Friji ya samaki ya ndani ya boti ikanguruma wiki nzima.

"Nani amekuja hapa?" niliuliza.

"Kajetani. Jana."

Nilijua. Kajetani ni fundi wa Lizaboni, na kazi hii aliitaka yeye.

"Aligusa nini?"

"Alipanda ndani. Mimi nilikuwa napepeta mahindi, nitamwonaje?"

Osmund alimfuata kwa pikipiki. Walipofika, shemeji wawili wa Osmund walisimama getini bila kuambiwa.

"Niliangalia tu," Kajetani alisema. "Kuangalia nako kosa?"

"Wewe huangalii kwa macho, unaangalia kwa bisibisi," nilimjibu.

"Basi fungua, ndugu yangu, utuonyeshe."

Niligusisha testa ya umeme kwenye bodi ya boti. Ikawaka. Nikachomoa plagi, nikapanda.

Kila kiungo changu nakizungushia tepu, nadondoshea nta ya mshumaa, kisha nabonyeza kwa kidole gumba. Kidole changu kina kovu la msumeno. Mtu akifungua, nta inavunjika.

Viungo vilikuwa vinane. Nta nane, kovu nane. Hakuna iliyovunjika.

Nikafungua boksi la swichi, ambalo mwanzoni sikulifungua kwa sababu boti ilitoka nalo kiwandani. Swichi ilikata waya mweusi. Kwetu mweusi ni nyutro, wa kurudisha umeme, mwekundu ndio wa moto, wa kuuleta, na hakuna fundi anayeweka swichi kwenye nyutro peke yake. Kwa hiyo kwao mweusi ndio wa moto. Mweupe, niliouunga na mwekundu wetu, ulikuwa umefungwa kwa nati kwenye bodi, na bodi yote ikawa na umeme. Nyaya za nyumba zilikuwa mbili tu, hazina ethi ya kupeleka umeme ardhini. Ardhi ilipokuwa kavu ilituvumilia.

Kwenye gati la Mbamba Bay kuna jenereta. Wangechomeka vilevile, boti ikiwa majini, wanawake wakifua pembeni.

"Ni yeye?" Osmund aliuliza kutoka chini. Shemeji mmoja alishakunja mikono ya shati.

Kucha moja tu ingetosha kuvunja nta, na lawama ingekuwa ya Kajetani. Nilimtazama. Alikuwa anatazama kucha yangu.

"Ni mimi," nilisema. "Niliunga mweusi kwa mweusi. Hakuna mwingine aliyegusa."

Mama Walburga akaacha kujikanda.

"Kama mvua isingenyesha?" aliuliza.

Nilitoa bisibisi mfukoni.

"Rekebisha," Osmund alisema. "Lakini sasa kufunga atafunga Kajetani, na nta ataweka yeye."

Nilizibadilisha nyaya, nikachimbia waya wa ethi ardhini. Testa haikuwaka. Kisha Kajetani akaniomba mshumaa. Nikampa, nikachuchumaa karibu yake, nikamchunga kiungo kwa kiungo hadi cha nane.