Goti la Mseti

Daktari Nashoni Orwa hakuwahi kukimbia kuingia uwanjani. Mchezaji akianguka, yeye alitembea kwa hatua ndefu, mkoba begani, huku mashabiki wakimpigia kelele aongeze mwendo. Alisema majeruhi akimwona daktari anakimbia hudhani anakufa, na mtu anayedhani anakufa hasemi sawasawa ni wapi panauma.

Wachezaji wa Shujaa ya Tarime walimpenda. Aliwatibu watoto wao bila kuombwa. Beki mmoja alipovunjika mguu na kwenda kuuguzwa kwa shemeji yake Issenye, wilaya ya Serengeti, klabu ilimsahau; Orwa alipanda pikipiki akamfuata huko mara kwa mara hadi alipotupa magongo. Alizaliwa Nyarero, katika familia ya Waluo wenye duka, akasomea udaktari Dar es Salaam, akafanya kazi Mwanza na Nairobi. Alirudi nyumbani wakati dhahabu ilipoanza kuvuta watu Tarime kutoka kila upande. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa ameanzisha timu yenye wachezaji wa mshahara, akataka iwe na daktari wake kama timu za mjini. Orwa alikubali kwa sharti kwamba neno lake juu ya afya ya mchezaji lisipingwe na kocha wala tajiri.

Kila msimu ulipoanza aliwaketisha wachezaji kwenye nyasi, akaamuru redio izimwe, akasikiliza moyo wa kila mmoja, kwanza akiwa amelala, kisha akiwa amesimama.

"Daktari, wewe Mjaluo," kipa alimtania, "ukisikiliza humu ndani unasikia sangara?"

"Nasikia ugali. Nyamaza."

"Mfikie Mseti sasa. Huyo ana injini ya trekta."

Mseti alikuwa winga wa kulia, kijana wa Nyanungu, mwenye mbio kuliko wote kwenye timu. Alijilaza akicheka. Orwa alisikia mlio mdogo kati ya mapigo, wa kawaida kwa wanamichezo wengi. Kisha akamsimamisha. Mlio wa kawaida hupungua mtu akisimama. Wa Mseti uliongezeka. Orwa akamlaza tena, akamsimamisha tena, akasema, "Sawa, anayefuata." Wiki hiyo hiyo alimpeleka Mwanza kupigwa picha ya moyo.

Picha ilionyesha kwamba ukuta unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto wa moyo ulikuwa umenenepa karibu mara mbili ya kawaida. Ugonjwa huo hurithiwa. Mwenye nao anaweza kufika uzeeni bila kujua. Anaweza pia kuanguka katikati ya kazi nzito na asiamke.

Walikaa kwenye benchi nje ya hospitali. Orwa alimweleza yote, bila kupunguza.

"Baba yako alikufaje?" aliuliza mwishoni.

"Alianguka akilima. Jembe mkononi. Walisema mdogo wake alimtilia sumu kwenye pombe, wakamfukuza. Alihamia Issenye, akafia huko."

"Nadhani hapakuwa na sumu."

Mseti alitazama mikono yake. "Usiseme hivyo kwa mama. Sema ni goti."

"Goti lako ni zima."

"Daktari, kila mchezaji ana goti. Goti ni la uwanjani, nitaambiwa pole. Moyo watauliza nimeurithi kwa nani. Nina mdogo wangu wa kike, Mogesi. Ng'ombe wa mahari yake wameanza kuzungumzwa. Nani ataleta ng'ombe kwenye nyumba ambayo watu wake wanaanguka?"

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hilo Orwa hakuwa na haja ya kulifikiria. Lakini kunyamaza na kudanganya ni mambo mawili, na tofauti yake aliijua vizuri. Alitoa masharti. Mseti asikimbie, asinyanyue mizigo, asivute wala kusukuma kitu kizito. Anywe dawa kila siku. Amlete Mogesi apimwe. Mseti alikubali yote. Kesho yake, mbele ya timu nzima, Orwa alimfunga bandeji kwenye goti la kulia, akamwambia kocha kwamba goti hilo halitarudi. Kocha alilia. Kipa alimbeba Mseti mgongoni hadi kwenye gari, Mseti akicheka na kumpiga makofi kichwani.

Orwa alimwombea kazi ya kutunza vifaa vya timu. Mseti aliifanya muda mfupi, akaiacha. Alisema hawezi kuwafulia wenzake jezi yake mwenyewe. Alirudi Nyanungu. Orwa alimpigia simu kila alipopata nafasi.

"Unafanya nini huko?"

"Nauza vocha, Daktari. Nimekaa kivulini."

"Dawa?"

"Nakunywa."

"Na Mogesi?"

"Nitamleta, Daktari. Ngoja mambo ya ng'ombe yaishe."

Wakati huo dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye kilima nyuma ya Nyanungu. Mashamba ya mihogo yaligeuka mashimo, na kila shimo, ambalo wachimbaji huliita duara, lilikuwa na mwenyewe. Nyangwine alikuwa na duara lake. Yeye na Mseti walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Wakurya watu wa namna hiyo ni ndugu hadi kaburini. Mseti alipofika kuomba kazi, Nyangwine aliitazama bandeji.

"Wee mura, na goti hilo utashukaje ngazi?"

"Nitashuka polepole."

"Hushuki. Utakaa juu, uvute kamba. Kamba ni mikono tu, goti linapumzika, na mawe tutagawana."

Akamtafutia tairi la gari, akalilaza ukingoni mwa duara ili Mseti akalie na kuunyoosha mguu. Wachimbaji wengine walinung'unika kwamba mcheza mpira amepewa kiti. Nyangwine akawajibu kwamba anayetaka tairi akavunjike goti kwanza.

Chini ya duara mtu huchimba, hupumzika, hukohoa, huchimba tena. Juu hakuna kupumzika, kwa sababu walio chini ni wengi na kila kiroba cha mawe kikijaa kinaitiwa kamba. Hakukuwa na kazi nyingine kilimani iliyotumikisha moyo kiasi hicho. Mseti alijua. Pengine aliona kwamba akikataa kamba atatakiwa kutoa sababu.

Siku aliyokufa jua lilikuwa kali. Nyangwine alimnunulia soda, akaifungua kwa meno, akampa. Mseti akanywa, akashika kamba, akavuta. Kiroba kilipofika nusu ya njia, kamba ikalegea na mawe yakarudi chini. Wa chini walitukana kwanza. Kisha wakaita jina lake.

Orwa alipata habari kwa simu, akachukua bodaboda. Pikipiki ilishindwa na mlima, akashuka, akakimbia. Watu waliomfahamu kutoka uwanjani walimwona, na kwa kumwona tu wakaacha kuuliza kama Mseti yu hai. Alimkuta amelazwa kando ya tairi, ngozi imeanza kupoa. Bandeji ilikuwa gotini, safi, imefungwa vizuri kuliko alivyokuwa akiifunga yeye.

Jioni hiyo ukoo wa Mseti ulikuwa umekwisha kupata jibu lake: soda. Nani aliifungua? Nani atabaki na duara peke yake? Nyangwine alipigwa, akaokolewa na polisi, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, akajificha kwa mjomba wake. Mwili ulipasuliwa hospitalini na daktari mwingine, akaandika kwamba moyo ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Wazee walisomewa maneno hayo, wakasema ndiyo, sumu huvimbisha moyo. Wakaitisha iritongo, baraza la hadhara la Wakurya, kabla ya kuzika. Kila mtu alijua uamuzi ungekuwa upi. Nyangwine angefukuzwa, ng'ombe wake wangechukuliwa, na vijana wenye mapanga hawakuwa wanasubiri hata hilo.

Mtu mmoja tu aliweza kusema kwamba moyo ule ulikuwa mkubwa kabla ya soda na kabla ya duara.

Orwa alikwenda kwanza kwa Boke, mama yake Mseti. Alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama Mseti, pole."

"Asante, Daktari. Mseti alikuwa anakutaja kila siku."

"Kuna jambo la mwanao nililificha kwa sababu aliniomba. Sasa hayupo wa kuniruhusu. Nakuomba wewe ruhusa nikalisema mbele ya wazee."

"Litamrudisha?"

"Hapana."

"Litamsaidia Nyangwine?"

"Litamwokoa."

Boke alifikiri. "Nyangwine alikuwa anakula kwangu tangu hajaota meno ya ukubwani," alisema. "Kaseme. Mimi utaniambia ukirudi. Nisisikie kwa watu."

"Ni afadhali nikuambie sasa."

Akamwambia. Boke hakulia. Aliuliza kama mumewe pia alikufa hivyo, na Orwa akajibu kwamba anaamini hivyo, ingawa hawezi kuthibitisha. Boke akaufunika uso kwa kanga, akamwonyesha mlango kwa mkono.

Iritongo ilikaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, ule ule ambao Mseti alianzia kucheza. Wachezaji wa Shujaa walikuwa wamekuja kwa mazishi, wamesimama pamoja nyuma ya goli. Nyangwine aliketishwa chini peke yake katikati ya askari wawili waliomleta kumlinda, jicho moja limevimba. Orwa alisimama, akasalimu wazee, akasema kwa mpangilio: alichosikia siku ile kwenye nyasi, alichoona Mwanza, alichoombwa, alichokubali. Alieleza kwamba sumu haifanyi ukuta wa moyo unenepe upande mmoja hivyo, na kwamba picha ya Mwanza ilipigwa Mseti akiwa bado anafunga mabao. Hakutumia maneno ya kujitetea.

"Kwa hiyo goti?" mzee aliyeongoza baraza aliuliza.

"Goti lilikuwa zima, mzee. Niliifunga ile bandeji mimi mwenyewe. Ulikuwa uongo."

Mzee akauliza kama yule baba mdogo aliyefukuzwa zamani aliacha watoto. Akajibiwa kwamba wapo, Issenye. Akasema waitwe mazishini, na ukoo utafute la kuwaambia. Kisha akamwambia Nyangwine ainuke, hana kosa.

Nyangwine hakuinuka.

"Daktari," alisema, "nilimpa kamba kwa ajili ya goti."

"Najua."

"Kulikuwa na kazi ya kuchagua mawe. Wanafanya akina mama, wamekaa kwenye turubai. Ungesema moyo, ningemweka pale."

"Najua."

"Nikamtafutia na tairi!"

Baadhi ya wazee waliinamisha vichwa. Ndipo kipa, yule wa sangara, akapaza sauti kutoka nyuma ya goli. Alikuwa amefungwa bega tangu mechi ya mwisho.

"Daktari, na langu? Hili ni bega kweli?"

"Ni bega."

Kipa akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anavyomkubalia mzee ili asimfedheheshe. Wachezaji wenzake walitazama chini. Orwa alifahamu kwamba msimu ujao angesikiliza mioyo yao na wao wangekuwa wanamsikiliza yeye, kila neno, wakilipima.

Alirudi kwa Boke peke yake. Safari hii alimkuta nje, karai la maji limewekwa mbele yake.

"Amepona Nyangwine?"

"Amepona, mama."

Boke alitia mkono majini, akautoa. "Kila jioni akitoka kilimani nilikuwa nachemsha maji, natia chumvi, namkanda goti. Anafumba macho. Namuuliza, linauma? Ananiambia, linauma mama, kanda hapo hapo. Bandeji nilikuwa naifua mimi, naifunga mimi."

Orwa alichuchumaa kando ya karai.

"Lilikuwa zima?" Boke aliuliza.

"Lilikuwa zima."

"Basi nilikuwa nakanda nini?"

Alisubiri, kana kwamba daktari aliyesoma lazima awe na jina la jambo hilo pia. Orwa akasema hajui. Boke akayamwaga maji, akageukia nyumbani, akaita.

"Mogesi! Njoo. Daktari anataka kukusikiliza."

Binti alitoka, macho yamevimba kwa kulia, akamwamkia Orwa. Alifanana na kaka yake kwa urefu wa shingo. Wakaingia ndani, akajilaza kwenye mkeka, mama yake akaketi karibu na kichwa chake. Nje waombolezaji walikuwa wanaimba. Orwa aliomba wanyamaze kidogo, na mtu akatoka kuwanyamazisha. Alisikiliza. Palikuwa na mlio mdogo kati ya mapigo.

"Simama, mwanangu."

Mogesi akasimama. Orwa akasikiliza tena, akamlaza, akamsimamisha, akasikiliza kwa mara nyingine. Boke hakuwa anautazama mkono wake. Alikuwa anautazama uso.

"Na huyu, Daktari," aliuliza, "utasema ana goti?"

Orwa alivitoa vifaa masikioni.

"Hapana, mama. Huyu ni moyo."

Mogesi, ambaye alikuwa bado amesimama, aliuliza kama anaruhusiwa kukaa.